Mfugo Wako: Usikikate Kidole cha Mbwa kwa Hasira

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kupe. Mwezi huu tuzungumze juu ya mbwa.

Najua wapo watakaouliza, "Mbwa naye ni mfugo?" Ndiyo, ni mfugo. Hatumli nyama, wala hatumkami maziwa. Lakini usiku fisi akija zizini, ni nani anayeamka wa kwanza? Ni mbwa. Basi mlinzi huyu naye anastahili kutunzwa.

Siku moja, mwishoni mwa kiangazi, nilipita kwa mzee mmoja pale Ihumwa. Ihumwa ipo mashariki ya mji wa Dodoma, kando ya barabara iendayo Morogoro. Mahali hapo pamebadilika sana. Magari ni mengi, majengo yanaongezeka, na Mji wa Serikali wa Mtumba upo jirani. Lakini nyuma ya majengo bado kuna mbuzi, kuna ng'ombe, na kuna vichaka vya miiba.

Nilimkuta mzee ameketi chini ya mti. Mbele yake kulikuwa na kapu, na ndani ya kapu watoto watano wa mbwa. Kando yake kulikuwa na kisu juu ya makaa. Mjukuu wake alikuwa ameshika mtoto mmoja wa mbwa, huku amegeuza uso pembeni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Njoo utusaidie kushika."

"Kushika nini, Mzee?"

"Nawakata hivi vidole vya kando. Mama yao amenitia hasara."

Mama yao anaitwa Tabu. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, Tabu alimfukuza mbweha vichakani. Ukucha wa kidole chake cha kando ulinasa kwenye tawi, ukang'oka nusu. Mzee alidhani kidonda kitapona chenyewe. Hakikupona. Nzi walikuja, kidonda kikaoza, na Tabu akashindwa kusimama vizuri. Usiku mmoja fisi akaja. Tabu alibweka huku amelala. Fisi hakuogopa. Asubuhi mzee alikuta mbuzi mmoja hayupo, tena mbuzi jike mwenye mimba.

"Kidole chenyewe hakigusi hata chini," mzee aliniambia. "Hakifanyi kazi. Kisichofanya kazi ni cha nini? Bora kukiondoa mapema, kabla hakijaleta msiba mwingine."

Ndugu msomaji, maneno ya mzee hayakuwa ya kijinga. Mtu aliyepoteza mbuzi ana haki ya kutafuta dawa. Lakini je, dawa ilikuwa kisu? Nilimwomba aondoe kisu motoni, tukamwangalie Tabu kwanza.

KIDOLE HICHO NI KIPI?

Tazama mguu wa mbele wa mbwa wako. Utaona vidole vinne vinavyokanyaga chini. Kisha tazama juu kidogo, upande wa ndani wa mguu. Utaona kidole cha tano. Ni kidogo, nacho kina ukucha wake. Mbwa akisimama, kidole hicho hakigusi ardhi. Hicho ndicho tutakiita kidole cha kando.

Karibu mbwa wote huzaliwa na kidole hicho katika miguu ya mbele. Katika miguu ya nyuma, mbwa wengi hawana. Wachache wanacho. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kidole cha mbele na cha nyuma.

Kidole cha mbele kimeshikwa na mfupa. Tena kimefungwa kwa kano, yaani zile nyuzi ngumu zinazounganisha nyama na mfupa. Kidole cha nyuma mara nyingi kimeshikwa na ngozi tu. Ukikigusa, kinacheza huku na huku.

Kumbuka tofauti hii. Tutaihitaji tutakapofika kwenye swali la kukata au kuacha.

KINA KAZI GANI?

Pale Ihumwa sikubishana na mzee. Nilimwomba mjukuu alete mfupa. Tulimtupia mbwa mwingine wa pale nyumbani, dume mzima. Mbwa akalala chini, akaushika mfupa kwa miguu miwili ya mbele, akaanza kuguguna.

"Mzee, tazama vidole vyake vya kando."

Mzee aliinama, akatazama kwa makini. Vidole vile viwili vilikuwa vimeubana mfupa usiteleze.

"Kumbe anashika nacho," alisema.

Naam. Kidole cha kando cha mbele ni kama kidole gumba chetu. Mbwa hukitumia kushika kitu anachotafuna. Akikimbia kwa kasi na kukata kona, mguu hujikunja, na kidole hicho hugusa ardhi. Hapo humsaidia asiteleze, tena huukinga mguu usijipinde. Akipanda ukingo wa korongo, hukitumia kushikilia.

Mbwa wa mchungaji hukimbia sana na kukata kona nyingi. Kwa hiyo ukimkata vidole vya mbele bila sababu, umempunguzia nguvu katika kazi ile ile unayomtaka aifanye.

KWA NINI HUUMIA?

Kucha nyingine za mbwa husagika anapotembea juu ya mawe na ardhi ngumu. Ukucha wa kando haugusi ardhi kila wakati. Kwa hiyo hausagiki. Hurefuka, halafu hujikunja kama ndoana.

Ukucha wa namna hiyo huleta madhara ya aina mbili.

Kwanza, hunasa. Hunasa kwenye miiba, kwenye seng'enge, kwenye wavu, au kwenye mabaki ya mabati. Mbwa akivuta mguu, ukucha huvunjika au hung'oka.

Pili, hujichoma. Ukucha huzunguka mpaka ncha yake ikaingia katika nyama ya kidole chenyewe. Kidole huvimba na kutoa usaha. Mbwa hulamba mahali hapo mchana kutwa.

Ndani ya ukucha wa mbwa kuna nyama laini yenye damu na mishipa ya fahamu. Ndiyo maana ukucha ukivunjika, damu hutoka nyingi na maumivu huwa makali. Hata mbwa mpole anaweza kumuuma bwana wake.

MBWA AKIUMIA, FANYA HIVI

1. Mtazame kwanza kwa mbali. Je, tabia yake imebadilika? Anatokwa na udenda mwingi? Anauma watu au vitu bila sababu? Sauti yake imebadilika? Anashindwa kumeza? Ukiona dalili kama hizi, usimguse. Huenda ana kichaa cha mbwa. Waondoe watoto karibu naye, kisha umwite Bwana Mifugo upesi.

2. Kama ni mzima, mfunge mdomo. Tumia ukanda wa kitambaa. Uzungushe juu ya mdomo wake, ufunge chini ya kidevu, kisha upeleke ncha mbili nyuma ya masikio na kuzifunga hapo. Usizibe pua. Usimfunge mbwa anayetapika au anayehema kwa shida. Ukimaliza kazi, mfungue mara moja, maana mbwa hupunguza joto la mwili kwa kuhema kinywa wazi.

3. Nawa mikono kwa sabuni. Mtu mwingine amshike mbwa, wewe utibu.

4. Zuia damu. Bonyeza kidonda kwa kitambaa safi kwa dakika 10. Usifunue kila mara kuchungulia. Kama ni ncha ya ukucha tu inayotoka damu, unaweza kuibonyezea unga mkavu wa mahindi au wa ngano. Usiweke unga katika kidonda cha nyama kilichochanika.

5. Osha kidonda. Chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko kimoja cha chai, uyaache yapoe. Mimina maji hayo juu ya kidonda mpaka uchafu wote utoke. Toa miiba unayoiona.

6. Funga kidonda. Weka kitambaa laini kati ya kidole na mguu, kisha funga kwa bendeji au kitambaa safi. Usikaze sana. Vidole vya chini vikivimba au vikiwa baridi, umekaza mno. Legeza upesi.

7. Badili kitambaa kila siku. Kikilowa au kikichafuka, badili hata kabla ya siku kwisha. Kila mara unapobadili, osha kidonda na utazame kama kuna usaha, harufu mbaya au funza.

8. Zuia kulamba. Mbwa akilamba sana, kidonda hakikauki. Chukua ndoo ndogo kuukuu ya plastiki, ukate kitako chake, umvalishe shingoni na kuifunga kwa ukanda. Ataweza kula na kunywa, lakini hataufikia mguu.

9. Mpumzishe. Asiende machungani mpaka atembee bila kuchechemea.

Mtu akiumwa na mbwa wakati wa kazi hii, asifiche. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hata kama jeraha ni dogo, aende. Kichaa cha mbwa kikisha kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Lakini kinazuilika kama mtu akiwahi chanjo.

MAMBO YA KUEPUKA

Usimwagie kidonda mafuta ya taa, oili chafu, maji ya betri wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Vitu hivi huunguza nyama, na mbwa akivilamba hudhurika.

Usipake mavi ya ng'ombe wala majivu. Mna vijidudu na uchafu ndani yake.

Usimpe mbwa dawa za binadamu za kutuliza maumivu, kama vile diklofenaki au brufeni. Kwako wewe ni dawa. Kwa mbwa zinaweza kuwa sumu, zikaharibu tumbo na figo. Panadoli nayo usimpe bila kuambiwa na daktari wa mifugo.

Usiuvute ukucha ambao bado umeshika. Utaongeza maumivu, na unaweza kuharibu shina la ukucha.

MWITE BWANA MIFUGO KAMA

- damu haikatiki baada ya kubonyeza kwa dakika 15;
- ukucha umepasuka mpaka kwenye shina lake, au umeingia katika nyama;
- kidole kinaning'inia, au mfupa unaonekana;
- kuna usaha, harufu mbaya au funza;
- mbwa hali chakula, au hakanyagi kabisa mguu huo.

Usingoje wiki tatu. Mzee wetu alingoja, na unajua yaliyompata.

JE, KIKATWE AU KIACHWE?

Sasa tumefika kwenye swali la mzee. Kabla ya kukata, jiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: Ni kidole cha mbele au cha nyuma? Kama ni cha mbele, kina kazi. Kiache, isipokuwa kuna sababu kubwa.

Swali la pili: Kimeshika au kinalegea? Kama ni cha nyuma, na kinacheza kwa kuwa kimeshikwa na ngozi tu, huweza kunasa kwa urahisi. Hapo daktari anaweza kushauri kiondolewe. Lakini kama kimeshika vizuri, na hakijawahi kuumia, kiache.

Swali la tatu: Kimeharibika kiasi gani? Ukucha uliovunjika si sababu ya kukata kidole. Shina lake likiwa zima, ukucha huota tena. Lakini kama kiungo kimevunjika vibaya, au mfupa umeoza, au kidole kinaumia tena na tena, au kina uvimbe usiopona, basi kukiondoa ni kumpunguzia mbwa mateso.

Wapo watu wanaokata kwa sababu jirani amekata. Wapo wanaosema mbwa asiye na kidole hicho hukimbia zaidi. Hizo si sababu.

Tena wapo wachungaji wa nchi za mbali wanaofanya kinyume kabisa. Kati ya Ufaransa na Hispania kuna milima iitwayo Pyrenees. Wachungaji wa huko wana mbwa wakubwa weupe wa kulinda kondoo. Mbwa hao huzaliwa na vidole viwili vya kando katika kila mguu wa nyuma. Wafugaji wao hawaoni kuwa ni kasoro. Wanaihesabu kuwa ndiyo alama ya mbwa halisi wa aina hiyo.

NANI AKATE, NA VIPI?

Kukata kidole ni upasuaji. Si kazi ya kisu cha jikoni, wala ya panga, wala ya kamba ya kubana mpaka kidole kife. Daktari wa mifugo humpa mbwa dawa ya usingizi au ya ganzi kwanza. Kisha hukata penye kiungo, hufunga mishipa ya damu na kushona ngozi. Baada ya siku 10 hadi 14 nyuzi hutolewa. Muda wote huo mbwa hukaa mahali pasafi na pakavu.

Katika nchi nyingine, madaktari huwaondolea watoto wa mbwa vidole hivi wakiwa na umri wa siku chache tu. Watoto wa mbwa wa mzee walikuwa na wiki sita. Kwa umri huo mifupa na mishipa imekwisha kukua. Kuwakata bila ganzi ni mateso makubwa, na damu nyingi huweza kupotea.

Tena tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Sheria hiyo inakataza kumtesa mnyama. Mbwa naye ni mnyama.

Kama gharama inakutia hofu, mwulize daktari bei kabla ya kazi. Mkiwa majirani wawili au watatu wenye mbwa wa kutibiwa, mwiteni kwa pamoja, mgawane nauli yake.

KINGA NI RAHISI KULIKO TIBA

Dawa ya kwanza ya kidole cha kando ni kukata ukucha, si kidole.

Mtazame mbwa wako kila mwezi. Ukucha wa kando ukianza kujikunja, ukate ncha. Tumia kikata kucha kikali. Kata kidogo kidogo. Kama ukucha ni mweupe, utaona nyama nyekundu ndani yake. Ishia kabla ya kuifikia. Kama ukucha ni mweusi, kata vipande vyembamba. Ukiona doa laini katikati ya ukucha, acha hapo hapo.

Mzoeze mbwa angali mdogo. Mshike miguu mara kwa mara, umguse vidole, umpe kipande cha ugali. Akikua hataogopa kushikwa, na siku akiumia utaweza kumtibu bila kuumwa.

Okota mabaki ya mabati na seng'enge karibu na zizi. Na kila mwaka mpeleke mbwa wako kuchanjwa dhidi ya kichaa. Siku ya chanjo mwonyeshe Bwana Mifugo na miguu yake.

TABU YUPO WAPI LEO?

Siku ile tulimfunga Tabu mdomo, tukamwosha kidonda. Tulitoa funza wengi. Kiungo chake kilikuwa kizima. Mfupa haukuonekana. Shina la ukucha lilikuwa limejeruhiwa, lakini halikuwa limekufa. Alidungwa sindano ya kuzuia vijidudu. Mjukuu alipewa kazi ya kubadili kitambaa kila siku. Hakukosa hata siku moja.

Kisha tuliwatazama wale watoto watano, mmoja mmoja. Wote walikuwa na vidole vya mbele vilivyoshika vizuri. Mmoja tu alikuwa na kidole cha nyuma, nacho kilining'inia kwa ngozi. Tulikubaliana kwamba huyo ataonyeshwa kwa daktari wa mifugo akikua kidogo. Wengine waachwe.

Mzee alikitazama kisu chake kwa muda. Halafu aliniambia jambo ambalo hakuwa amelisema mwanzo. Mwaka juzi alimkata mtoto wa mbwa kwa kisu kile kile. Mtoto yule alivuja damu usiku kucha. Alfajiri alikuwa amekufa.

"Nilidhani nilikata vibaya," alisema. "Leo ndiyo nilitaka kukata vizuri."

Mjukuu alimrudisha mtoto wa mbwa kapuni. Safari hii hakugeuza uso.

Nilipopita tena baada ya masika, Tabu ndiye aliyenipokea njiani kwa kelele. Ukucha wake umeota tena, ila umepinda kidogo. Mzee huukata ncha mwenyewe. Yule mbuzi jike hakurudi, bila shaka. Lakini usiku zizi lina mlinzi mwenye miguu minne mizima.

Ndugu msomaji, jioni ya leo mwite mbwa wako. Mshike mguu wa mbele, utazame upande wa ndani. Huenda ukucha umekwisha kuanza kujikunja, nawe hukuwa unajua.

MASWALI YA KUJADILI

Kama mnasoma katika kikundi, jadilianeni maswali haya:

1. Kidole cha kando cha mbele kina tofauti gani na cha nyuma?
2. Kwa nini ukucha wa kando hurefuka kuliko kucha nyingine?
3. Taja vitu vitatu ambavyo watu wa kijijini kwenu huweka kwenye kidonda cha mbwa. Je, vinafaa?
4. Mtu akiumwa na mbwa, afanye nini kwanza?
5. Kama ungekuwa wewe ndiye mzee yule, baada ya kupoteza mbuzi, ungefanya nini?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kutunza kwato za punda. Kwa leo, kwaherini.

Ni mimi, Bwana Mifugo wenu.